Kaka Yetu Napita na Miezi Tisa ya Ziwa

Wafiwa wenzangu, majirani, watu wa ziwani na watu wa kiwanda cha mikate, poleni, na asanteni kwa kuja kwa wingi hivi hadi viti vimeisha na wengine mmesimama ukutani tangu asubuhi, nitajitahidi nisiwachoshe, ingawa karatasi hii ina kurasa nne. Mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba hii, yule anayeuza kwenye duka la dawa la karibu na stendi, na familia imenipa kazi ya kusoma kwa sababu, eti, mimi ndiye mwenye sauti. Naanza upesi, maana tangu Jumanne nyumba hii ina maneno, ya chinichini jikoni na ya waziwazi huku nje, kwamba kaka yetu amekufa kwa njaa na huku ana mke, na mke huyo amekaa hapo mbele yenu, amewapikia siku nne mfululizo, chai yake mnakunywa na maneno mnamrudishia, na mimi nataka nifike mwisho wa karatasi hii kabla sijaingiwa na woga.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 12 Aprili 1966, katika wodi ya wazazi ya hospitali ya reli, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watatu wa baba yetu, fundi seremala wa mabehewa, na mama yetu, mshonaji wa sare za shule, wote wawili wametangulia. Mama alikuwa akisema mtoto huyu alitembea akiwa na miezi tisa na tangu siku hiyo hakumkamata tena, alikula amesimama, aliogeshwa akikimbia, na akitumwa kwa jirani akaambiwa karibu ukae, alijibu kutoka mlangoni kwamba anapita tu, ndipo mtaa mzima ukamwita Napita, na jina alilopewa siku ya kuzaliwa likabaki kwenye vyeti.

Alianza shule ya msingi Januari 1973, ile iliyo nyuma ya kiwanda cha magunia, akamaliza Novemba 1979, na kati ya tarehe hizo mbili baba aliitwa na mwalimu mkuu mara sita, si kwa utundu wala kwa matusi, bali kwa sababu mwanawe alikuwa akitoka darasani kupitia dirishani somo likiendelea, akizunguka uwanja mara moja, kisha akirudi kwa dirisha lilelile na kukaa kwa adabu zake zote. Sekondari alisoma kuanzia 1980 hadi 1983, akafaulu kwa wastani, kisha akaingia chuo cha ufundi Januari 1984 na kupata cheti cha ufundi wa injini ndogo tarehe 6 Desemba 1985, cheti hicho kipo, kina alama ya kikombe cha chai, msiniulize ya nani.

Kazi ya kwanza aliajiriwa katika karakana ya pampu za maji, Februari 1986, akadumu miezi kumi na mmoja, ya pili katika ghala la rangi, miezi minne, ya tatu sitaitaja kwa kuwa aliingia Jumatatu na Alhamisi alikuwa nyumbani, na baba alishakata tamaa, anamwangalia tu. Kisha tarehe 1 Juni 1989 alikwenda ziwani kutengeneza injini moja ya boti ambayo haikuwaka, siku ambayo msimu wa besi ulifunguliwa, akatengeneza injini, akapanda boti kuijaribu, na jamani, hapo ndipo tulipompoteza, maana alirudi baada ya siku mbili, amebabuka pua, akasema amepata kazi.

Kwa wasio watu wa maji nieleze kidogo, kwa sababu bila samaki huyu historia hii haisomeki. Besi ni samaki wa kijani mwenye mstari mweusi ubavuni na mdomo mpana ambao taya lake linapita nyuma ya jicho, anavuliwa kwa mshipi na ndoano moja, si kwa wavu, na watu wanatoka mbali kuja kumtafuta kisha wanampima, wanamtazama, wanamrudisha majini, jambo ambalo dada yetu mkubwa hadi leo anaona ni wazimu. Ziwa letu hufunguliwa tarehe 1 Juni na kufungwa siku ya mwisho ya Februari, na miezi mitatu iliyobaki hakuna ndoano inayogusa maji, kwa kuwa ndipo besi anapotaga pembezoni, kwenye maji mafupi, na dume huchimba kishimo kwa mkia wake, jike akishataga akaenda zake, dume hubaki pale juu ya mayai, hali chakula, haondoki, anafukuza kila kinachosogea mpaka vitoto viweze kujitegemea. Ndiyo maana ni rahisi kumvua wakati huo, na ndiyo maana ni aibu, na kaka alifanya aibu hiyo mara moja, Machi 1990, akijaribu tu fimbo mpya ya kuvulia, akamtoa dume kishimoni na kumshika mkononi muda wa kuvuta sigara moja, akatazama samaki wadogo wakiingia na kuyala mayai yote, hakuvuta sigara tena, na tangu mwaka huo kila msimu ukifungwa yeye ndiye aliyezunguka ufukwe kwa miguu, kutwa nzima, akichomeka vijiti penye vishimo na kugombana na yeyote mwenye ndoano, wakiwemo wawili wenye vyeo ambao leo wamekuja kumzika, asanteni.

Kuanzia 1991 alikuwa mwongozaji wa wavuvi, na watu wa kazi hiyo mtanisahihisha nikikosea. Juni hadi Agosti aliwapeleka wageni kabla jua halijatoka, besi akiwa juu kabisa, kwenye matete, anaruka hadi maji yanamwagika ndani ya boti, Septemba na Oktoba alimfuata katikati ya ziwa anakokimbiza dagaa, na kuanzia Novemba, maji yakipoa kwa mvua, samaki hushuka kwenye magogo yaliyozama na kunyamaza, hapo kazi inakuwa ya mnyoo wa plastiki unaoburutwa taratibu, kurusha, kuvuta, kurusha, mara mia sita, mara mia nane kwa siku, ili aguse mara mbili. Watu wengine walikaa nyumbani miezi hiyo, yeye aliipenda kuliko yote, alisema ndiyo miezi pekee ambayo mkono wake una kazi ya kutosha.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 17 Aprili 1993, na wifi yetu huyu, mwoka mikate, na mkiangalia tarehe zote za maisha yake mtaona ziko kati ya Machi na Mei, ndoa Aprili, msingi wa nyumba Machi 1996, kuhamia Mei, jino kung'olewa Aprili, hata kugombana na mimi kulisubiri ziwa lifungwe. Alijaaliwa watoto watatu, wa kwanza mvulana, tarehe 9 Mei 1994, ambaye ni fundi umeme, wa pili msichana, tarehe 20 Machi 1997, na wa tatu msichana, tarehe 23 Novemba 2001, huyu hakuuliza ratiba ya mtu, akaja baba yake akiwa majini, na aliyefika hospitali ni mtu mwenye magamba kwenye shati aliyembeba mwanawe dakika tano, akalia kweli, kisha akauliza kama kuna mtu anaweza kumsogeza hadi bandarini. Wifi alivumilia kwa mdomo wake, maana ana mdomo, siku moja mbele yetu sote alisema laiti angejua angeolewa na besi mwenyewe, angalau angepata mume anayekaa nyumbani, na aliyecheka kuliko wote ni kaka, amesimama, funguo za boti mkononi.

Na hiyo miezi mitatu ya kukaa nyumbani msidhani alikaa. Milango ya nyumba hii imepakwa rangi mara nne, kuku wamehamishwa banda kila mwaka, na kuna Mei moja alifungua cherehani ya marehemu mama kuona inavyofanya kazi, hadi leo ipo kwenye boksi, vipande vipande.

Sasa nafika kwenye ugonjwa na kifo. Hapa karatasi inasema hivi, naisoma kama ilivyo: marehemu aliugua ghafla maradhi ya vidonda vya tumbo yaliyosababishwa na kutokula kwa wakati. Maneno hayo niliyaandika mimi, kwa mwandiko wangu, Alhamisi, dada mkubwa akinitajia na wajomba wakiitikia, na kila aliyekuwepo alijua kutokula kwa wakati ni kumsema nani, ni kumsema mwanamke anayeingia kiwandani saa kumi alfajiri, kwamba alioka mikate ya mji mzima na mumewe akashinda njaa. Niliandika, nikaweka nukta. Dada, nivumilie, na wajomba mnivumilie, haya yanayofuata hayamo kwenye karatasi.

Wifi alimfungia chakula kila siku ya msimu kwa miaka thelathini, mkate, mayai, uji kwenye chupa, anayebisha amuulize mwenzake wa boti aliyesimama pale kwenye nguzo, kwa sababu chakula hicho alikila yeye na wageni. Kaka hakula akiwa majini, aliamini mtu akishiba mkono wake unakuwa mzito na hasikii mshipi ukiguswa, alikuwa akikaa na tumbo tupu tangu alfajiri hadi alasiri, kwa kupenda kwake, na njaa peke yake, jamani, haikumuua.

Septemba 2022 bega lake la kulia liliharibika kwa kurusha. Alikuja dukani kwangu, saa kumi na mbili asubuhi, kabla hatujafungua vizuri, akasema mdogo wangu nipe kitu, nikampa vidonge vya maumivu vya siku tano, nikamwambia kimoja asubuhi na kimoja jioni, baada ya kula. Hayo ndiyo yanayoandikwa kwenye boksi na ndiyo niliyosomea miaka miwili. Siku tano zikaisha akarudi, nikampa tena, na tena, na nilijua siku tano zinatosha na zaidi ya hapo ni lazima aende kwa daktari, na nilijua anavimeza kwa maji matupu, kwa sababu alivimezea mbele yangu, kwenye benchi la wateja. Msimu wote ule, na msimu huu tangu Juni, kila asubuhi ya tatu au ya nne.

Mtaniuliza kwa nini. Nimejiuliza tangu Jumanne na jibu ninalo ni moja, alikuwa anakaa. Kaka ambaye sijawahi kukaa naye hata harusini kwake alikaa kwenye lile benchi dakika kumi, akisubiri kidonge kishuke, akanisimulia besi aliyemponyoka, akaniuliza habari za watoto wangu kwa majina, na mimi nilipenda aje. Ningesema sikupi, nenda hospitali, asingekuja tena, angekwenda duka la pili yake. Nikawa nampa. Mungu anisamehe, nilikuwa nampa huku nafurahi.

Tarehe 14 Novemba mwaka jana aliniambia choo chake kimekuwa cheusi kama lami, akaniapisha nisimwambie mkewe, angemfungia nje ya ziwa na msimu umeingia pazuri. Nilishtuka, nikamlazimisha, akaenda hospitali Jumatatu tarehe 20, daktari akamuuliza kama kuna dawa zozote anazotumia, akasema hakuna, alidhani anaulizwa dawa za kweli, za kuandikiwa, si za bega, akapewa za kulinda tumbo na tarehe ya kuingizwa mpira wenye kamera, tarehe 27 Novemba. Akaomba isogezwe. Karani akamuuliza hadi lini, akasema Jumatatu ya kwanza ziwa likishafungwa, wakamwandikia tarehe 4 Machi, akaja kunionyesha kadi anacheka, kwamba hata tumbo lake limejifunza ratiba. Nami nikacheka. Halafu akasema bega linamsumbua, nikampa, nikapunguza, kimoja badala ya viwili, nikajidanganya kwamba nimefanya jambo la maana. Sikumwambia hivi vidonge ndivyo vinavyotoboa tumbo, kwa sababu kama ningesema, ingebidi niseme pia tangu lini nilijua.

Mara ya mwisho nilimpa Jumamosi, tarehe 3 Februari, karatasi ya vidonge kumi. Jumatatu tarehe 5, saa tatu asubuhi, alitapika damu ndani ya boti, mwenzake akamleta ufukweni kwa mwendo ambao injini ile haijawahi kwenda, na wifi alifika hospitali na aproni ya kiwandani, unga hadi kwenye nyusi. Daktari alimuuliza, mama, mgonjwa anatumia dawa gani, akajibu kwa uhakika kabisa, hatumii dawa yoyote, daktari. Nilikuwa nimesimama upande wa pili wa kitanda. Nimeshika miguu ya kaka. Sikufungua mdomo.

Alifariki siku iliyofuata, Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na saba, zikiwa zimebaki siku ishirini na saba kufika tarehe ya kadi. Jana nilirudi kwa daktari nikamweleza yote, nikamuuliza kama ningesema Jumatatu ingesaidia, akavua miwani, akasema damu ilikuwa imeshamwagika nyingi, kisha akasema labda. Hilo labda ni langu, nitakwenda nalo nyumbani.

Wifi, kaa, usinyanyuke bado, niache nimalize, ukitaka kuniondoa hapa utaniondoa nikishamaliza. Dada mkubwa, nakuheshimu, lakini sentensi ile naifuta, tena naifuta kwa kalamu hapa hapa, na yeyote atakayeirudia nje ya geti hili ajue anasema uongo mbele ya mtu aliyekwishasema ukweli. Watoto wa kaka, hasa wewe wa kwanza, ambaye tangu Jumatano hujamwangalia mama yako usoni, umemwonea, mwangalie. Na mwenye duka la dawa, uliyeniajiri, nimekuona umekaa mstari wa nne, Jumatatu sitasubiri uniite, nitakuja mwenyewe na funguo.

Familia inatoa shukrani kwa madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, ambao walifanya kazi yao kwa kile walichoambiwa, na ambao hawana kosa, kwa mwenzake wa boti, ambaye bado ana damu kwenye koti na hataki lifuliwe, kwa waongozaji wote wa ziwani mlioacha boti zimefungwa leo wakati msimu uko wazi na wageni wanawangoja, kwa kiwanda cha mikate mliompa wifi ruhusa na mkaleta mikate bila kuulizwa, na kwa majirani wa mtaa huu kwa maturubai, viti, kuni na maji. Na kwa wifi yetu, familia haijatoa shukrani yoyote, kwenye karatasi hakuna, kwa hiyo natoa mimi, asante, dada, kwa miaka thelathini na kwa mayai yote yale.

Marehemu ameacha mjane mmoja, watoto watatu, dada wawili na boti moja.

Kaka, pumzika, kwa amani yote iliyopo. Wewe hukujua. Mimi nilijua.